Fundi wa Nyuso: Kazi ya Watu Wanaotengeneza Uzee na Vidonda vya Sinema

Miezi mingi tunawaletea habari za fundi cherehani, za fundi baiskeli, za wanaochoma matofali. Mwezi huu tumechagua kazi ambayo wengi wetu tumeona matunda yake bila kujua kama ni kazi. Ni kazi ya fundi anayebadilisha sura za waigizaji wa sinema: kijana anakuwa mzee, mtu mzima anakuwa nyani, na mwenye afya anaonekana ametobolewa na risasi.

Kwa nini tumechagua hiyo? Kwa sababu kila jioni watoto wetu wanaingia kwenye vibanda vya vidio, na siku hizi hata kwenye simu wanaangalia. Wanarudi nyumbani wanauliza: "Mama, yule mtu alikufa kweli?" Mwingine hawezi kulala. Na sisi wakubwa, ambao damu ya kweli tumeiona kwa macho yetu, mara nyingine tunakosa jibu. Basi tusome pamoja. Anayejua kitu kinavyotengenezwa hakiogopi sana.

KIJANA ALIYETAKA KUWA DAKTARI WA MENO

Mafundi wa kazi hii ni wengi, lakini wenyewe wakitaja baba yao wanamtaja Dick Smith. Alizaliwa mwaka 1922 huko Larchmont, mji mdogo karibu na New York, Marekani. Alipoingia chuo kikuu cha Yale alikuwa na mpango wa kuwa daktari wa meno. Siku moja akapata kitabu kinachofundisha jinsi waigizaji wa jukwaani wanavyojipaka rangi. Akanunua, akaanza kujaribu kwenye uso wake mwenyewe, halafu akawa anawatisha wanafunzi wenzake usiku. Mambo ya meno yakaishia hapo.

Hakuwa na mwalimu. Kampuni za sinema alizoandikia zilimkataa. Mwaka 1945 akapata nafasi kwenye televisheni ya NBC, New York, wakati televisheni yenyewe ilikuwa bado changa. Akaongoza idara ya mapodozi pale kwa miaka 14. Kazi ilikuwa ya haraka, maana michezo mingi ilirushwa hewani moja kwa moja. Hakuna kusema "tusimame kidogo, pua imebanduka". Pale ndipo alipojifunza kufanya kazi safi na ya haraka.

Baadaye sinema zenyewe zikamfuata. Katika Little Big Man ya mwaka 1970, mwigizaji Dustin Hoffman, ambaye alikuwa na miaka thelathini na kitu tu, aligeuzwa mzee wa miaka 121. Mikunjo, madoa ya uzee, mpaka kope za macho zilitengenezwa, na zilikuwa zinafumba na kufumbua kama za kweli. Katika The Godfather ya mwaka 1972, Marlon Brando hakuwa amefika hata miaka 50. Smith akamwekea kifaa cha meno ndani ya mdomo, mashavu yakashuka na kuvimba, akawa yule mzee ambaye dunia nzima inamkumbuka. Katika Amadeus ya mwaka 1984 alimzeesha F. Murray Abraham, na kwa kazi hiyo yeye na mwenzake Paul LeBlanc wakapata tuzo ya Oscar.

Lakini sifa kubwa ya fundi huyu ni pale ambapo watu hawakuona kazi yake kabisa. Katika The Exorcist ya mwaka 1973 kuna padri mzee, amechoka, mikono inatetemeka. Watazamaji wengi walidhani ni mzee kweli. Kumbe Max von Sydow alikuwa na miaka kama 44! Fundi mzuri wa kazi hii hasifiwi, maana hakuna anayejua kuna cha kusifu.

USO UNATENGENEZWA NAMNA GANI?

Tueleze kwa utaratibu, maana vijana wetu wa ufinyanzi na useremala wataelewa haraka.

Kwanza, mwigizaji anakaa kwenye kiti, anafunikwa uso wote kwa uji mzito wa unga ule wanaotumia madaktari wa meno kuchukua umbo la meno. Matundu ya pua yanaachwa wazi ili apumue. Uji ukiganda, juu yake wanaweka vitambaa vya plasta, ile ile ya hospitali ya kufungia mguu uliovunjika. Wakitoa, wamebaki na umbo la uso kwa ndani, kama kalibu ya tofali. Wanamimina plasta humo na kupata sanamu ya uso wa mtu yule.

Pili, fundi anachukua udongo laini na kuufinyanga juu ya sanamu ile. Hapa ndipo akili ya kazi ilipo. Anaongeza pua, anaweka mikunjo, anachora kila kitundu cha ngozi. Inaweza kuchukua wiki nyingi.

Tatu, anatengeneza kalibu nyingine juu ya udongo, anautoa udongo, na mahali palipobaki wazi anajaza povu la mpira. Mpira huo unatoka kwenye utomvu mweupe wa mti, unapigwapigwa na sabuni na dawa nyingine mpaka unaumuka kama mayai ya keki, halafu unaokwa kwenye oveni kwa moto mdogo. Sisi tuliotoka Kongo habari ya mpira tunaijua kwa njia nyingine. Wazee wetu wa enzi za Leopold waliuvuna msituni kwa viboko na wengine kwa kukatwa mikono. Leo utomvu wa namna hiyo unavaliwa usoni kwa mchezo. Dunia ina mambo.

Nne, vipande vinabandikwa kwa gundi, kingo zake zikiwa nyembamba kuliko karatasi, kisha vinapakwa rangi tabaka kwa tabaka. Zamani wengi walitengeneza kinyago kimoja kizima, mwigizaji akacheka uso haucheki. Dick Smith alikata uso vipande vidogo vidogo vinavyopandana kidogo: shavu peke yake, kidevu peke yake, kope peke yake. Ndiyo maana Hoffman aliweza kukunja uso na ukakunjika. Kumbandika vyote kulichukua kama masaa matano.

Na damu je? Damu ya Smith, ambayo mafundi wengi walikuja kuifuata, msingi wake ni sharubati nzito ya sukari ya mahindi na rangi ya chakula, nyekundu na njano kidogo. Aliongeza pia dawa ya wapiga picha ili isambae vizuri kwenye nguo na ngozi. Dawa hiyo ni sumu, kwa hiyo damu ile haikuwekwa mdomoni. Ya mdomoni inatengenezwa mbali.

TUSEME WAZI KUHUSU THE EXORCIST

Hapa tunaomba wazazi wasome polepole. Sinema hiyo siyo ya watoto. Inamwonyesha msichana aliyeingiwa na pepo: uso umechanika, macho yamebadilika, kichwa kinageuka mpaka mgongoni, na kwenye ngozi ya tumbo yanatokea maandishi ya kuomba msaada.

Kichwa kilichogeuka kilikuwa cha mdoli wa ukubwa wa mtoto. Vidonda vya usoni vilikuwa mpira na gundi. Na yale maandishi? Dick Smith alitengeneza tumbo la bandia kwa mpira, akaandika juu yake kwa dawa inayovimbisha mpira. Herufi zikainuka. Halafu wakapuliza hewa ya moto, herufi zikashuka taratibu huku kamera inachukua. Picha ikaonyeshwa kinyumenyume, mwisho ukawa mwanzo. Ndivyo herufi zikaonekana zinatoka ndani ya mwili. Msichana aliyeigiza, Linda Blair, jioni alibanduliwa vile vipande, akanawa, akaenda kwao.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu katika jamii zetu kuna watoto wanaoitwa wachawi. Mtoto anakojoa kitandani, anaongea usingizini, anaota vita, na mtu mmoja anasema: "Mbona anafanana na yule wa kwenye vidio?" Wote tunajua maneno kama hayo yanafikia wapi: mtoto anapigwa, ananyimwa chakula, anafukuzwa nyumbani. Ndugu zetu, sura ya pepo mliyoiona kwenye skrini ilifinyangwa na mtu wa Larchmont aliyetaka kuwa daktari wa meno. Haiwezi kuwa ushahidi dhidi ya mtoto wa mtu yeyote. Mtoto anayepiga kelele usiku anahitaji kukumbatiwa, na pengine kupelekwa kwa mhudumu wa afya.

SIRI ILIYOGAWANYWA KWA BARUA

Zamani mafundi wengi wa kazi hii walikuwa wachoyo wa elimu. Mtu akigundua gundi nzuri anaficha mpaka anazikwa nayo. Smith alijifunza kwa shida bila mwalimu, na aliamua kufanya kinyume. Mwaka 1965 alitoa kitabu cha kuwafundisha watoto kujigeuza mazimwi kwa vitu vya nyumbani. Aliyemwandikia barua alijibiwa. Baadaye alianzisha masomo ya ufundi huo kwa njia ya posta.

Mmoja wa waliomwandikia alikuwa kijana wa California, Rick Baker. Smith alimkaribisha nyumbani kwake, akamwonyesha karakana iliyokuwa chini ya nyumba, na baadaye akamchukua kuwa msaidizi kwenye The Exorcist. Kazi za Baker mnazijua hata kama jina hamlijui. Yeye ndiye aliyetengeneza mazimwi na wafu wanaocheza kwenye Thriller ya Michael Jackson, mwaka 1983. Yeye ndiye aliyemgeuza Eddie Murphy kuwa mzee wa Kizungu anayebishana kwenye kinyozi, katika Coming to America ya mwaka 1988. Wangapi wetu tulicheka bila kujua yule mzee ni Murphy mwenyewe? Tuzo ya Oscar ya mapodozi ilipoanza kutolewa kila mwaka, mwaka 1982, wa kwanza kuipata alikuwa Baker. Alifikisha saba kabla ya kustaafu mwaka 2015.

Mtoto mwingine aliyeandika ni J. J. Abrams, ambaye leo ni mwongozaji mkubwa wa sinema. Smith alimtumia kwa posta ulimi wa bandia uliotumika kwenye The Exorcist, pamoja na maelezo: aweke siagi ya karanga kidogo ili ushike. Fikirini mama yake alipofungua ule mzigo!

Lakini barua inayotugusa zaidi ilitoka mbali, Kyoto, Japani. Kazuhiro Tsuji alizaliwa mwaka 1969. Akiwa mwanafunzi wa sekondari aliona kwenye gazeti moja picha za mwigizaji aliyegeuzwa na Smith kuwa Abraham Lincoln, rais wa zamani wa Marekani. Kijana akasema, hii ndiyo kazi yangu. Akajigeuza Lincoln yeye mwenyewe, akapiga picha, akazituma kwa Smith na barua. Mzee akajibu. Wakaendelea kuandikiana, mwanafunzi anatuma picha, mwalimu anasahihisha: hapa pua imezidi, hapa rangi haijakaa. Smith alipokwenda Japani kusaidia sinema iitwayo Sweet Home, iliyotoka mwaka 1989, kijana alikuwa miongoni mwa mafundi wake.

Mwaka 1996 Tsuji alihamia Marekani, akafanya kazi na Rick Baker. Mwaka 2002, mwalimu wake alipotimiza miaka 80, alimpa zawadi ya sanamu ya uso wake Smith, mara mbili ya ukubwa wa kawaida, kila mkunjo mahali pake. Baadaye alichoka na sinema akaiacha, akawa mchongaji. Ikabidi mwigizaji Gary Oldman amwombe arudi, amgeuze Winston Churchill kwa ajili ya Darkest Hour ya mwaka 2017. Kila siku ya kazi Oldman alikaa kwenye kiti zaidi ya masaa matatu. Kazi hiyo ikampa Tsuji Oscar mwaka 2018, pamoja na wenzake wawili. Mwaka 2019 alipata uraia wa Marekani na kuchukua jina jipya, Kazu Hiro. Mwaka 2020 akapata Oscar ya pili.

Dick Smith alipewa Oscar ya heshima mwaka 2011, na aliyemkabidhi ni Rick Baker, yule kijana wa barua. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 92.

ALIYEANZIA KWA MAJERUHI

Hatuwezi kufunga bila kumtaja John Chambers. Huyu naye alizaliwa mwaka 1922, huko Chicago. Vita Kuu ya Pili ilimkuta akiwa fundi wa hospitali, na baada ya vita aliendelea kutengeneza pua, masikio na sehemu nyingine za uso kwa askari waliorudi wameharibika. Aliona watu wanaoogopa kurudi kwa wake zao na watoto wao. Kipande cha mpira kilichopakwa rangi sawasawa kiliwawezesha kutoka nje na kusalimia majirani. Ni baada ya miaka hiyo ndipo alipopeleka ufundi wake kwenye televisheni na sinema.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni Planet of the Apes ya mwaka 1968, iliyompa Oscar ya heshima mwaka 1969. Kikosi kizima cha waigizaji kiligeuzwa sokwe, gorila na orangutangu. Waigizaji wa sinema hiyo walisimulia jambo moja la ajabu. Wakati wa chakula, bila mtu kuwaamuru, waliovaa sura ya sokwe walikaa na sokwe, gorila na gorila, orangutangu na orangutangu. Marafiki wa jana walitengana kwa sababu ya mpira uliobandikwa asubuhi na utakaobanduliwa jioni! Hatuongezi neno. Kila msomaji wa kambi hii anaelewa.

Mwaka 1980 Chambers alifanya kazi nyingine, ya siri. Wafanyakazi sita wa ubalozi wa Marekani walikuwa wamejificha mjini Tehran, Irani, kwenye nyumba za wanadiplomasia wa Kanada. Chambers alisaidia kuanzisha kampuni ya sinema isiyokuwa ya kweli, ili watu wale sita watoke nchini kama watengenezaji wa filamu. Walipita uwanja wa ndege wakasalimika wote. Mliofichwa na jirani, na mliowahi kupita kizuizi cha barabarani huku moyo unadunda, mnajua uzito wa dakika zile.

NA SISI KAMBINI?

Ufundi huu unaweza kutusaidia hapa hapa. Vyama vya Msalaba Mwekundu katika nchi nyingi hutumia vidonda vya bandia kuwafundisha vijana huduma ya kwanza. Anayeona jeraha lenye damu katika mazoezi hatazimia siku ya ajali. Vikundi vyetu vya maigizo, vinavyofundisha habari za malaria au za kuwatunza wagonjwa, vinaweza kuonyesha mgonjwa anayeaminika.

Sukari ni ghali, tunajua. Uji mwepesi wa unga wa muhogo uliopoa na rangi ya chakula unatosha kwa damu ya jukwaani. Kwa kidonda, unga uliokandwa na mafuta ya vazelini unashika kwenye mkono muda wa mchezo. Msitumie rangi ya nyumba, wala gundi ya viatu, wala kitu chochote karibu na macho. Jaribuni kwanza kidogo mkononi, maana ngozi nyingine zinakataa. Na kabla ya mchezo watangazieni watu kwamba kuna damu ya kuigiza. Kati ya watazamaji yupo ambaye ataona siku yake ya kukimbia. Akitoka nje asichekwe, mwenzake amfuate akae naye.

Kwa wazazi tunasema: mkiona mtoto ameogopa sinema, msimwambie tu "nyamaza, ni uongo". Mwelezeni mpira, gundi na rangi, kama tulivyoeleza hapa. Mwulizeni: "Unadhani walifanyaje?" Mtoto akianza kufikiria kama fundi, hofu inapungua. Na wenye vibanda vya vidio, tafadhali, watoto wadogo wasiingie kwenye sinema za wakubwa hata kama wana hela mkononi.

Kwa vijana tunasema neno moja. Smith alikataliwa, akaendelea. Tsuji alikuwa mbali, akaandika barua. Na wewe uliyekwisha kujua kitu, kushona, kuchomelea, kusuka au kutengeneza simu, mdogo wako akikuuliza usifiche.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Ni nani aliyekufundisha kazi unayoifanya leo? Na wewe umemfundisha nani?

2. Kwa nini waigizaji waliovaa sura za nyani walikaa makundi makundi? Hapa kwetu tunakaa na kina nani wakati wa kula?

3. Mtoto akisema ameona kitu cha kutisha, nyumbani kwetu tunamjibu nini?